Nafasi ya Kishada

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi. Chumba ni kilekile, ila kitanda cha mdogo wangu sasa anakilalia binti yake. Kule nilikotoka, mwalimu wa lugha alitulazimisha sisi wachezaji wageni kuandika mistari michache kila siku ili ulimi ulainike. Ulimi haukulainika sana, lakini mazoea yalibaki. Sasa naandika kwa lugha yangu, na mkono unaona aibu kama mgeni ukweni.

Mama alinipokea kama anavyopokea kitambaa cha mteja. Alinigeuza, akanipima mabega kwa macho, akasema, "Umekwisha kiunoni. Huko walikuwa wanakulisha mpira?" Kisha akarudi kwenye cherehani. Shule zinafunguliwa na sketi za watoto wa watu zimejaa mpaka kwenye viti.

Mtaani wanasema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Waseme. Guu langu zima. Nimesaini msimu mmoja na timu yangu ya zamani kwa sababu ya kocha. Mwaka jana mdogo wangu, yule ambaye mashabiki walimwita Kishada, alianguka mazoezini mbele ya macho ya mtu huyo, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Nilifika nyumbani kaburi likiwa limeshaanza kuota majani. Kila niliyemuuliza alinipa jibu moja: alikimbizwa juani mpaka roho ikatoka. Mama alimfuata kocha hadharani akamtemea mate, na tangu siku hiyo nusu ya mtaa haimsalimii mtu huyo.

Nataka nimtazame usoni kila siku mpaka aseme mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi ya kwanza. Kocha amezeeka kuliko miaka yake. Shati limemning'inia kama limeanikwa. "Karibu nyumbani, Sindano," akaniambia, akanyoosha mkono. Nikautazama ule mkono mpaka akaurudisha mfukoni. Wenzangu wote wakawa ghafla na kamba za viatu za kufunga.

Baadaye tulicheza sita kwa sita. Nikapokea mpira nimelipa goli mgongo, nikageuka, nikapiga pasi upande wa kushoto, nyuma ya beki, bila kuinua kichwa. Ilikuwa pasi safi, na ikaenda peke yake mpaka uzioni.

Kipa wetu, mwanamke mpana tunayemwita Komeo, akaweka mikono kiunoni. "Dada, ulikuwa unampa nani?"

Wakacheka. Nami nikacheka. Lakini miguu yangu ilijua ilikuwa inampa nani. Tangu tukiwa watoto uchochoroni, nikigeuka tu, Kishada alikuwa ameshafika pale.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Uwanja umekuwa bwawa.

Jumapili, 16 Machi

Mechi ya kwanza, tumeshinda mbili bila, magoli yote yangu. La pili kwa kichwa, beki akanipanda mgongoni kama mtoto anayebembelezwa, nikaenda naye hewani.

Lakini kabla ya mapumziko nilipiga ile pasi tena. Mpira ukatoka nje upande wa jukwaa la kushoto, na badala ya kuzomea, jukwaa lile likanyamaza. Mzee mmoja akavua kofia. Nilirudi katikati nikijua wamemkumbuka nani.

Alhamisi, 20 Machi

Komeo amenikuta chumba cha kubadilishia nguo, wengine wameshaondoka. Akakaa benchi la mkabala, akawa anafungua glovu kidole kimoja kimoja.

"Nilikuwepo, dada. Mimi ndiye niliyemshika kichwa. Hakukimbizwa. Tulikuwa tunapasha misuli tu, mizunguko ya kawaida, na jua lenyewe lilikuwa bado la asubuhi."

"Amekutuma?"

Akaacha kufungua glovu. "Unajua, Kishada aliniambia wewe ni mgumu kuliko nguzo ya goli. Nilidhani anatania." Akachukua begi lake akatoka.

Nilipomsimulia Mama, alikata uzi kwa meno. "Kipa naye ni wake. Wanalindana."

Nikakubali. Ni rahisi kukubaliana na Mama akiwa na mkasi mkononi.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua haijakatika tangu Jumamosi. Binti wa mdogo wangu amekusanya mabaki ya vitambaa, akayafunga mpira, akawa anaupiga chini ya meza ya kukatia. Mama hataki mpira ndani ya nyumba hii. Akasikia kishindo kimoja tu.

"Nini hicho?"

"Paka, Bibi."

"Paka gani anayepiga mashuti?"

Mtoto akaniangalia apate msaada. Ana macho ya mama yake na ujanja wa mama yake. Nikainamisha kichwa nisicheke, na nilipokiinamisha ndipo nilipotaka kulia.

Jumatano, 9 Aprili

Haya siwezi kumwambia mtu. Mshambuliaji akisema anasikia nyayo za marehemu, anawekwa benchi, na hapo amehurumiwa.

Kishada alikuwa na mbio zake: hatua mbili fupi, moja ndefu, kama mtu anayeruka vidimbwi. Leo tulifanya mazoezi mvua ikinyesha. Nikageuka na mpira, nikasikia upande wa kushoto, majini: chap, chap, chaaap. Sikuota. Niliinua kichwa. Hakukuwa na mtu, ila maji yalikuwa yanatikisika, na mvua ndiyo hutikisa maji, najua.

Nilipogeuka, kocha naye alikuwa anatazama kule kule.

Jumapili, 13 Aprili

Sare. Sikufunga.

Jumapili, 20 Aprili

Tumeshinda. Nimefunga kwa goti, goli baya, na limehesabiwa kama mazuri.

Alhamisi, 24 Aprili

Wakala wangu amepiga simu toka ng'ambo, anaongea kama anakimbizwa. Klabu kubwa inanitaka, misimu miwili. Klabu ambayo nilipokuwa kule niliipita kwa basi nikiutazama uwanja wake kama mtu anayetazama nyumba ya tajiri. Kwa umri wangu mlango huu haufunguki mara mbili.

"Kitu kimoja tu, dada yangu," akasema. "Wanataka vipimo kamili vya moyo, na picha. Ni utaratibu tu. Fanya huko huko unitumie."

Nilimwambia Mama. Cherehani haikusimama. "Utaondoka tena," alisema. Halikuwa swali. Mtoto alikuwa mlangoni na kopo la vifungo. Akaanza kuvipanga kwa rangi, taratibu sana.

Jumanne, 6 Mei

Nimelala kwa ubavu wa kushoto, daktari ananipitishia kifuani kifaa chenye mafuta baridi. Ni mwanamke wa rika langu, mcheshi. Alianza kwa kunitania kwamba mumewe anashabikia wapinzani wetu, na kwamba angefurahi nikibakishwa wodini mpaka msimu uishe. Halafu utani ukakatika. Akarudia picha. Akarudia tena.

"Huko nje waliwahi kukupima moyo?"

"Mara moja. Wakasema moyo wa mwanamichezo huwa mkubwa, nisijali."

"Kwenu kuna mtu aliyekufa ghafla? Kijana, mzima, haumwi?"

"Mdogo wangu. Aliuawa na mazoezi."

"Aliuawa vipi? Alilalamika kichwa? Alitapika? Alianza kuweweseka kwa joto? Au alikuwa anakimbia vizuri tu, mara chini?"

Sikujua. Mwaka mzima nimemchukia mtu, na hata hilo sikulijua. Kisha nikakumbuka maneno ya Komeo. Jua la asubuhi. Mizunguko ya kawaida.

Daktari akanigeuzia kioo. Moyo wangu ulikuwa unakunjuka na kukunjika mle ndani, wa kijivu, kama ngumi ya mtu asiyeamua. Akanionyesha ukuta wa katikati. Msuli umenenepa pale usipotakiwa kunenepa. Damu inapita kwa kubanwa, na moyo ukienda mbio sana unaweza kupoteza mpigo wake wenyewe na usiupate tena. Mtu huzaliwa nao ugonjwa huu. Hurithiwa.

"Unaweza kuishi mpaka meno yakutoke," akasema. "Utameza dawa, tutakuwa tunakuangalia. Utatembea, utafanya kazi. Lakini kukimbia kwa kushindana, hapana. Si mechi moja. Si kipindi kimoja."

Nikavaa fulana nyuma mbele. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.

"Huyo mdogo wako alikuwa na watoto?"

Nikasema, "Mmoja."

Jumatano, 7 Mei

Nimemwambia kocha kifundo kinaniuma. Akasema, "Pumzika." Hakuuliza kifundo kipi.

Jumamosi, 10 Mei

Wakala: "Daktari mmoja si Mungu. Mimi namjua mwingine, anasoma picha kwa macho mengine. Umecheza maisha yako yote hujaanguka, utaanguka leo?"

Ningependa kuandika kwamba nilikata simu kwa hasira. Nilimwacha aongee mpaka mwisho, kwa sababu kila alichosema nilikuwa nimeshajiambia mimi mwenyewe tangu Jumanne.

Timu inashinda bila mimi. Zimebaki mechi chache na tunaweza kuchukua ubingwa.

Jumatano, 14 Mei

Mtoto ameniomba nimfundishe kugeuka na mpira. Nikamwambia kesho. Ameanza kunizoea kwa kesho zangu.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua ilipotulia mchana, watoto wa mtaa walitoka wakawa wanashindana mbio toka nguzo ya umeme mpaka dukani. Nilikuwa dirishani, nashona kifungo kwa amri ya Mama. Nikamwona binti yetu akitoka mbele ya wote, hatua mbili fupi, moja ndefu. Hakuna aliyemfundisha.

Katikati ya njia akapunguza. Akasimama. Wenzake wakampita wakimzomea. Akaweka kiganja kifuani, akakiacha pale, kichwa kakiinamisha kama anayesikiliza mlangoni.

Nilitoka bila viatu. Nilipomfikia alikuwa anacheka.

"Imeshapita, Mama Mkubwa. Huwa inakuja na kupita."

"Nini?"

"Kama ndege humu ndani. Anapiga mabawa, halafu anatulia."

"Umemwambia Bibi?"

"Bibi atanikataza kutoka."

Nikambeba. Ni mkubwa, miguu ilikaribia kuburuta, na watoto wenzake walitucheka sote. Nikatembea. Sikuthubutu kukimbia, na hapo ndipo nilipojua kwamba namwamini daktari.

Jumapili, 18 Mei

Nimemwambia Mama.

Nilisubiri mtoto aende kwa jirani. Mama alikuwa anapinda sketi. Nikamwambia yote: picha, ukuta, kurithi, ndege kifuani mwa mtoto. Nilidhani atasimamisha mashine. Aliendelea mpaka mwisho wa pindo, akarudi nyuma kidogo kulifunga, akakata uzi, akaikunja sketi ile vizuri kabisa, akaiweka juu ya nyingine.

"Baba yenu," akasema.

Baba alikuwa fundi mwashi. Alianguka toka juu ya jukwaa la mbao, mimi nikiwa mdogo na Kishada bado ananyonya. Tumekua tukiambiwa aliteleza.

"Wenzake walikuja kunieleza hapa hapa. Mmoja akasema jambo ambalo sikulipenda, nikamwona mchawi. Alisema, 'Mama, hakupiga kelele.'" Alishika ukingo wa meza. "Mtu anayeteleza hupiga kelele, mwanangu. Hata wewe ukiteleza bafuni nakusikia toka barabarani. Yeye alishuka kimya."

Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wenye gurudumu bovu.

"Kwa hiyo nimekaa na kitu hiki ndani ya nyumba miaka yote," Mama akasema. "Nikakilisha. Nikakishonea na nguo."

"Hukujua, Mama."

"Usinibembeleze. Kesho mtoto apelekwe."

Alipofika mlango wa chumbani akageuka. Sijawahi kumwona Mama akiwa mdogo, lakini pale mlangoni alikuwa mdogo.

"Na yule mwalimu wenu wa mpira," akasema. "Mimi nilimfanya nini yule mtu?"

Alhamisi, 22 Mei

Nimekwenda uwanjani mapema. Kocha huwa wa kwanza kufika. Nilimkuta anapanga koni peke yake kwenye matope.

"Sichezi tena," nikamwambia. "Si msimu huu tu. Basi." Nikamweleza sababu, ya kwangu na ya Kishada.

Alisikiliza na koni mkononi. Nilipomaliza alikaa pale pale chini, kwenye majani mabichi, mtu mzima na suruali yake. Nilingoja ashukuru. Mtu aliyetuhumiwa mwaka mzima, akasalimiwa na mbwa tu, sasa anaambiwa hakuua. Nilikuwa nimejiandaa hata kumwomba radhi.

"Alikuwa anaumwa," akasema. "Alikuwa anaumwa, na nilikuwa naye kila siku."

Nikakaa pembeni yake. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi, nilimtazama usoni bila kutafuta kitu.

"Ile pasi yako ya kushoto," akasema baadaye. "Wasichana walipokucheka, mimi sikucheka. Mimi pia huangalia kule. Kila siku, kabla sijaanza, naangalia kule kwanza."

"Unasikia kitu?"

Aliichomeka koni kwenye tope. "Mvua ikinyesha."

Komeo aliwasili, akatukuta tumekaa kama watoto waliofukuzwa darasani. Nikasimama, nikamwambia mbele ya kocha, "Ulinieleza ukweli nikakuuliza kama umetumwa." Akanikumbatia na glovu zake zilizolowa. "Nguzo ya goli," akasema, "hata nguzo hutingishika."

Jumapili, 25 Mei

Nimemwambia wakala hapana. Alinitakia afya njema kwa sauti ya mtu ambaye ameshaanza kupiga simu nyingine.

Alhamisi, 29 Mei

Majibu ya mtoto. Anao.

Daktari anasema ni mapema, tumeuwahi, na mtoto anayejulikana anaweza kulindwa. Mama alimshukuru kwa heshima zote, kisha akashindwa kuinuka kitini.

Tukiwa njiani mtoto akaniuliza, "Mama Mkubwa, mtu asiyecheza anafanya nini jioni?"

Sijawahi kuwa na jioni ya namna hiyo. Nikamwambia tutatafuta wote wawili.

Jumapili, 1 Juni

Mechi ya mwisho. Nilikaa benchi na nguo za nyumbani, mtoto pembeni yangu. Tulitoka sare, ubingwa ukaenda kwa wengine. Wasichana walilia, wakaoga, wakaanza kucheka, wakaondoka.

Mama alikuja watu wakiwa wanatoka. Hajakanyaga uwanja huu tangu msiba. Alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu. Akapita katikati ya madimbwi moja kwa moja mpaka kwa kocha.

"Mwalimu. Nilikutemea mate mbele ya watu."

"Mama, hayo yalikwisha."

"Hayakwisha. Nilitaka kuyamaliza mbele ya watu vilevile, sasa naona wameniwahi kuondoka." Akameza mate. "Nisamehe."

Kocha aliinamisha kichwa.

"Nionyeshe alipoangukia," Mama akasema.

Tulikwenda sote wanne. Si mbali na mstari wa pembeni. Hapana alama yoyote pale, majani tu. Mama akavua viatu, akasimama. Mtoto akatazama huku na huku, kama anayesoma ramani.

"Alikuwa anaelekea wapi?" akauliza.

Kocha angeweza kumwonyesha goli. Mtoto angefurahi, na hakuna mtu duniani ambaye angembishia.

"Alikuwa anakuja kwangu," akasema. "Alitoka kwenye mstari, akaniinulia mkono. Nikadhani amechoka. Nikamwambia, 'Malizia mzunguko kwanza.' Akarudi akamalizia, akaanza tena kuja kwangu, ndipo akaanguka. Wenzake hawakusikia. Nilisikia mimi na yeye tu."

Chuki ya zamani ikanirudia. Daktari, picha, ukuta wa moyo, vyote nilivisahau. Nikamtazama Mama, nikamwona anavuta mate mdomoni, na nikangoja ateme.

Alikuwa anatafuta sauti.

"Asubuhi ile," Mama akasema, "aliniambia kifua kinambana. Nilikuwa napinda sketi. Sikuinua kichwa. Nikamwambia ni gesi, anywe maji ya moto."

Kocha akainua macho. Wakatazamana, wazee wawili kwenye majani yaliyolowa, na mimi na mtoto hatukuwa na nafasi kati yao. Hakuna aliyemwambia mwenzake pole.

Mama akataka kuvaa viatu, akayumba. Kocha akampa mkono. Akaushika.

Matone ya kwanza yakaanguka, makubwa, kisha mvua yote. Ng'ambo ya uzio watu walikuwa wanakimbilia vibarazani, wamejifunika magazeti na mifuko, wanaitana. Sisi tulivuka uwanja mzima mpaka lango la mbali. Hakuna aliyekimbia.